Umeacha Kazi au Umeachishwa? Somo la Fao la Kukosa Ajira

Wanachuo wenzangu, hasa nyie wa mwaka wa tatu mnaohesabu wiki zilizobaki, tuanze na mnyambuliko. Kitenzi ni acha. Ukikinyambua unapata achia, achwa, achana, achisha, achishwa. Kwenye mtihani wa sarufi, tofauti ya acha na achishwa ina alama mbili, tukiwa na bahati tatu. Kwenye madai ya fao la kukosa ajira tofauti hiyo hiyo inaweza kufika karibu shilingi milioni moja kwa mwalimu wa kawaida wa shule binafsi, na hiyo milioni moja mama yangu mdogo ameisubiri kuanzia Januari mpaka Julai.

Najua wengi mkisoma "mafao" mnawaza wazee wenye mikongojo. Hebu tuambizane ukweli. Sisi wa Ualimu tukimaliza, wachache wataingia serikalini moja kwa moja. Wengi tutajaza maombi kwenye Ajira Portal, tutasubiri, na wakati tunasubiri tutafundisha shule binafsi. Hapa kwetu Bukoba na Muleba shule hizo ni nyingi na zimewapa watu wengi kazi ya kwanza. Lakini ni kazi inayoweza kukatika Desemba shule zikifungwa, wanafunzi wakipungua, au mwenye shule akibadilisha mawazo. Kwa hiyo hili somo linatuhusu sisi kuliko wazee.

Fao lenyewe likoje? Kwanza, si posho ya kila asiye na kazi. Ukimaliza chuo ukakaa kitaa miaka mitatu bila kuajiriwa, halikuhusu. Na ukiwa "unajitolea" shuleni kwa posho ya nauli na chakula cha mchana, bila mkataba na bila makato, halikuhusu pia, hata kama unafundisha vipindi 30 kwa wiki. Ni fao la mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii aliyekuwa na kazi akaipoteza. Walioajiriwa sekta binafsi wako NSSF. Watumishi wa umma wako PSSSF, mfuko uliozaliwa 2018 baada ya kuunganishwa PPF, PSPF, LAPF na GEPF, ukaanza kazi tarehe 1 Agosti mwaka huo.

Mabadiliko hayo ya 2018 ndiyo yaliyoleta fao la kukosa ajira. Kabla yake watu walizoea fao la kujitoa: kazi ikiisha unachukua michango yako, unaondoka, ukipata kazi nyingine unaanza upya. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha marekebisho ya kulizuia, wafanyakazi wakapiga kelele, wa migodini wakiwa mbele, na serikali ikalegeza. Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi. Pensheni ya uzeeni inadai michango ya miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15, na mtu anayejitoa kila mkataba unapoisha atafika 60 mikono mitupu. Hoja ya wafanyakazi nayo haikuwa ya kipuuzi: njaa ya mwezi ujao haisubiri mtu afike miaka 60. Fao la kukosa ajira ni kama suluhu kati ya hao wawili. Akiba inabaki mfukoni, na wewe unapewa kitu cha kukuvusha.

Kitu chenyewe ni asilimia 33.3 ya mshahara wako wa mwisho kila mwezi, kwa muda usiozidi miezi 6. Ili ukipate uwe raia wa Tanzania, uwe umechangia angalau miezi 18, uwe hujafika miaka 55, usiwe na sifa ya kulipwa fao jingine, na uthibitishe kwamba hujapata kazi nyingine. Na sharti lililonifanya nianze na mnyambuliko: kazi iwe haikuisha kwa kujiuzulu mwenyewe. Aliyechangia chini ya miezi 18 hapewi malipo haya ya kila mwezi. Ana utaratibu wake wa mkupuo unaokokotolewa kutokana na michango yake.

Tufanye hesabu. Mama mdogo alikuwa analipwa 480,000. Asilimia 33.3 yake ni 159,840 kwa mwezi. Kwa miezi 6 ni 959,040. Si pesa ya kujengea nyumba. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unaweka kiwango cha chini cha asilimia 45 kwa fao la namna hii, ingawa muda wake ni wiki 13 tu ndani ya mwaka. Sisi asilimia yetu ni ndogo ila miezi ni mingi zaidi. Lakini pesa ya kuvukia ina thamani ikiwa imekuja wakati wewe bado uko upande huu wa mto. Mimi sina ugomvi na kiwango. Nina ugomvi na kuchelewa, na nilichojifunza ni kwamba kuchelewa kwingi hakuanzii siku unapopeleka fomu. Kunaanza siku ulipoajiriwa.

Nieleze ilivyokuwa.

Mama mdogo alifundisha miaka 4 kwenye shule ya msingi ya binafsi wilayani Muleba. Shule siitaji. Mwanzoni mwa Desemba akaitwa ofisini pamoja na wenzake wawili, wakaambiwa wanafunzi wamepungua, kazi itaishia tarehe 31. Hakugombana na mtu. Mshahara wa Desemba alipewa, na barua alipewa. Wiki ya pili ya Januari akapanda haisi kutoka Muleba, Muhutwe, Kemondo, akafika Bukoba mjini na bahasha yake, akajaza fomu ya madai, akaambatanisha barua, kitambulisho cha taifa na taarifa za akaunti ya benki. Akaja kulala kwetu Kashai akiwa na furaha kabisa. Mimi nilikuwa chuoni. Nilimsindikiza mara mbili baadaye, likizo fupi ya Machi na likizo ndefu ya Julai, mengine nilifuatilia kwa simu.

Madai yalikwama kwa mambo matatu, na hakuna hata moja lililotoka kwenye fomu aliyoijaza.

La kwanza ni jina. Wahaya wenzangu mtacheka. Sisi R na L tunazichanganya mpaka kwenye koo zetu, ndiyo maana kuna akina Rwakatare na kuna akina Lwakatare, na wote ni watu kamili. Kitambulisho cha taifa cha mama mdogo kina R. Aliyemwandikisha shuleni aliandika L, kwa sababu ndivyo alivyosikia. Miaka 4 michango iliingia kwa mtu mwenye L. Hili lilikuwa dogo: hati ya kiapo kwa wakili, siku moja, limekwisha. Lakini siku moja hiyo ni nauli ya kwenda na kurudi, ada ya kiapo, na wiki ya kusubiri kumbukumbu zirekebishwe. Ukiajiriwa, linganisha jina lako herufi kwa herufi na namba yako ya NIDA kabla hujasaini chochote.

La pili ni barua. Niliisoma mwenyewe mwezi Machi. Ilikuwa na mistari mitano, na mstari wa tatu ulisema mwalimu fulani "ameacha kazi kuanzia tarehe 31 Desemba". Ameacha! Aliyeandika, nadhani, hakuwa na nia mbaya. Kwenye Kiswahili cha kila siku tunasema fulani kaacha kazi hata kama alifukuzwa mchana kweupe, ni namna ya kumstahi. Lakini mbele ya sharti la sheria, "ameacha" ni kujiuzulu, na aliyejiuzulu hana fao hili. Afisa aliyetuhudumia alikuwa kijana, alimwamkia vizuri, akamwambia, "Mama, mimi nakuamini, lakini mimi siwezi kulipa kwa kukuamini. Kalete barua inayosema ajira yako imesitishwa na mwajiri, na sababu yake."

Kupata barua mpya ikawa safari. Mwalimu mkuu alikuwa amebadilishwa. Mpya alisema hawezi kusaini jambo ambalo hakulisimamia. Mwenye shule anaishi Mwanza na simu yake inaita mpaka inakata. Siku mama mdogo alipompata, aliambiwa, "Mwalimu, njoo Jumatatu," bila kuambiwa Jumatatu ipi. Barua sahihi ilipatikana mwishoni mwa Machi. Ilisema ajira imesitishwa kwa sababu ya kupunguza wafanyakazi. Maneno ni machache tu, lakini yalichukua miezi mitatu.

Na hapa kuna jambo ambalo hatufundishwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Ni haki, si hisani. Kiombeni siku ileile, pamoja na barua, wakati mwajiri bado anawaona uso kwa uso. Barua ikiletwa, isome pale pale kabla hujatoka mlangoni. Tafuta kitenzi. Kama ni "ameacha" au "ameomba kuondoka" na wewe hukuomba, rudisha kwa adabu: "Samahani Mwalimu, naomba hapa pasomeke nimeachishwa." Na ukiletewa barua ya kujiuzulu ambayo tayari imechapwa, inasubiri saini yako tu, eti "ili uondoke kwa heshima", usiisaini siku hiyo. Heshima hiyo ni yao.

La tatu ndilo lililouma: michango. Mfuko unapokea asilimia 20 ya mshahara. Kwa kawaida 10 inatoka kwako na 10 kwa mwajiri. Kwa mama mdogo ni 48,000 kutoka kwenye mshahara wake na 48,000 nyingine kutoka shuleni. Slipu zake zote 12 za mwaka huo zilionyesha 48,000 imekatwa. Kumbukumbu za michango zilionyesha alichangiwa mara ya mwisho mwezi Machi. Miezi 9, Aprili mpaka Desemba, hakuna kitu. Shule ilikata 432,000 za mshahara wake, ikakaa nazo, na 432,000 za upande wake haikuzitoa.

Mtu anaweza kuuliza, si alishachangia zaidi ya miezi 18, shida iko wapi? Shida ni kwamba kumbukumbu zinasema mtu huyu aliondoka kazini Machi, barua inasema Desemba. Mshahara wa mwisho ni upi? Alikosa ajira lini? Mpaka karatasi zikubaliane, madai yanasubiri. Kilichomwokoa ni zile slipu, ambazo alizitunza kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati, pamoja na taarifa ya benki iliyoonyesha mshahara ukiingia mpaka Desemba. Alizipeleka, ukaguzi ukafanyika, mwajiri akaandikiwa adaiwe. Shule ililipa deni kwa mafungu mawili, la mwisho katikati ya Juni. Malipo ya kwanza ya fao yaliingia Julai, nikiwa nimekaa naye kwenye benchi.

Miezi saba hiyo aliishi vipi? Aprili aliuza kahawa yake ya msimu ikiwa bado mbichi mtini. Kwetu tunaita butura. Mnunuzi anakuja, anaangalia miti, anakadiria magunia, anakupa pesa leo kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika kahawa ni yake. Serikali inaipiga vita kila mwaka, na kila mwaka ipo, kwa sababu anayeuza butura anajua kabisa kwamba anapunjwa. Mama mdogo ni mwalimu wa hisabati, hakuna mtu aliyehitaji kumfundisha hiyo hasara. Aliniambia tu, "Mwanangu, ada ya mdogo wako haijui msimu." Kwa hiyo mkisikia mchango wa mwezi fulani "haujapelekwa", msifikirie namba kwenye kompyuta. Fikirieni miti ya kahawa ya mtu ikivunwa na mwingine.

Sasa, je, angeweza kujua mapema? Angeweza, na hapa ndipo penye somo lenyewe kwa sisi ambao hatujaanza kazi. Mwajiri anatakiwa apeleke mchango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha, na akichelewa anatozwa adhabu juu ya deni. Maana yake mchango wa Januari unatakiwa uwe umeonekana ifikapo mwanzoni mwa Machi. Taarifa ya michango yako unaweza kuiangalia kwa simu au kuiomba ofisini, bure. Mtu anayeangalia mara moja kila baada ya miezi mitatu atagundua pengo likiwa dogo, akiwa bado kazini, walimu wenzake wakiwa bado wapo na tatizo lile lile. Walimu sita wakienda pamoja kwa mhasibu kuuliza mchango wa Aprili uko wapi, hilo ni swali. Mwalimu mmoja aliyeachishwa akiuliza mwezi Machi wa mwaka unaofuata, hilo ni ombi.

Kuna wenzetu watasema ukiuliza sana unaonekana mkorofi, kazi yenyewe ya kubembeleza. Nawaelewa, na sidharau hiyo hofu. Ila angalieni: kuangalia simu yako mwenyewe hakuonekani na mtu yeyote. Kuhifadhi slipu hakuonekani. Kupiga picha mkataba na kujitumia kwenye barua pepe hakuonekani. Nusu ya ulinzi wote huu unafanyika kimya kimya. Na kwenye usaili, mtu akikuuliza una swali, uliza tu kwa sauti ya kawaida mfuko ni upi na mchango wa kwanza unapelekwa lini. Jibu litakueleza mengi kuhusu shule kuliko jengo lake la ghorofa. Mkikaa na slipu ya kwanza mtakuta kodi, mtakuta mfuko, na kwa tuliokopeshwa mtakuta Bodi ya Mikopo na asilimia 15 yake. Makato ni mengi, ndiyo maana ni rahisi mtu asijue lipi limefika na lipi limeishia njiani.

Jambo la mwisho, na hili mama mdogo alilijua akiwa amechelewa. Fao la mfuko na haki unazomdai mwajiri ni vitu viwili tofauti, na kila kimoja kina saa yake. Kama unaona uliachishwa bila sababu ya haki au bila utaratibu, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine, kama kunyimwa malipo, ni siku 60. Mwajiri akisitisha ajira ya anayelipwa kwa mwezi anatakiwa atoe notisi isiyopungua siku 28. Akipunguza wafanyakazi anatakiwa awashirikishe kwanza, siyo kuwaita ofisini na kuwapa tarehe. Na aliyefanya kazi mfululizo zaidi ya mwaka mmoja akaachishwa kwa sababu kama hiyo ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, kwa kiwango cha juu cha miaka 10. Kwa miaka 4 ya mama mdogo ni siku 28, karibu mshahara mzima wa mwezi.

Hizo siku 28 hakulipwa, na hakudai. Alidhani kiinua mgongo ndiyo hilo fao analolisubiri, kwamba akishalipwa moja amelipwa yote. Siku 30 zilipita akiwa anatafuta kiapo cha R na L. Siku 60 zilipita akiwa anasubiri Jumatatu ya mwenye shule. Tulipoambiwa tofauti, Machi ilikuwa inaisha. Sheria inaruhusu kuomba kuongezewa muda ukiwa na sababu ya msingi, na kuna fomu yake. Tuliijaza pamoja, mimi nikiandika, yeye akinisomea tarehe kutoka kwenye zile slipu na bahasha zake. Ninapoandika haya ombi hilo halijaamuliwa.